Shamba Dogo na Majirani Zake wa Porini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu)



Kamati ya sherehe imenipa nusu saa, nami nitajitahidi nisiizidishe, maana najua ng'ombe wamekwisha chinjwa na pua zenu zimekwisha pata habari.

Wenzangu walionitangulia wamesema juu ya mizani, ghala, mikopo na bei za mnada. Mimi nimeombwa niseme juu ya shamba lenyewe, lile shamba dogo la nyumba moja, ambalo pasipo hilo Chama Kikuu ni ghala tupu lenye kufuli. Na katika habari za shamba nimechagua jambo moja lisiloonekana katika taarifa zetu za mwaka, ingawa kila mmoja wetu hulala na kuamka nalo. Jambo hilo ni wanyama na ndege wa porini tunaoishi nao katika ardhi ileile moja.

Ushirika si jambo geni katika mlima huu wa Kilimanjaro. Mwaka 1925 wakulima wenyeji wa kahawa waliunda chama chao kilichojulikana kwa herufi KNPA, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU chini ya sheria ya ushirika ya mwaka 1932. Chama Kikuu chetu ni mtoto wa juzi mbele ya wazee hao. Lakini sababu ya kukusanyika ni ileile. Mkulima mwenye gunia moja, akisimama peke yake mbele ya mnunuzi, hana sauti. Bei atakayoambiwa ndiyo atakayoichukua. Wazee walikataa upweke huo mbele ya mizani. Nataka kuwaonyesheni leo kwamba uko upweke mwingine ambao bado hatujaukataa, nao ni upweke wa mkulima usiku wa manane, akiwa juu ya dungu na debe mkononi.

Kwanza natulitazame shamba lenyewe. Mwenye nyumba wa hapa mlimani, kama hali inamruhusu, ana mahali pawili pa kulima. Juu ana kihamba, chenye nyumba, migomba, mibuni, zizi la ng'ombe wa kukatiwa majani, mfereji, na miti mirefu ya kivuli kama vile mringaringa na msesewe. Chini, tambarare, ana shamba la mahindi na maharagwe, ambalo pengine ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Wataalamu walioandika habari za vihamba mwaka 1984 waliona kwamba kihamba kwa wastani kilikuwa hekta 0.68, yaani kama ekari moja na theluthi mbili. Tangu mwaka huo watoto wamezaliwa, wamekua, wameoa, na kila baba amekata kipande ampe mwanawe. Hivyo twazungumza juu ya watu ambao shamba lao lote mtoto aweza kulizunguka kabla chai haijachemka.

Hata hivyo, katika udogo huo mna viumbe wengi ajabu. Mtaalamu wa mimea, Andreas Hemp, aliandika mwaka 2006 kwamba katika vihamba vya Kilimanjaro aina za mimea zilizohesabiwa zilikuwa 520, na zipatazo 400 kati ya hizo hazikupandwa na mtu. Mahali penye mimea mingi namna hiyo hapakosi wenye kuila, wala hapakosi wenye kuwala hao walaji. Ndiyo maana kihamba kina sauti mchana na usiku: kurumbiza alfajiri, chozi katika maua ya mgomba, nyuki adhuhuri, perere akikoroma juu ya mti gizani kama mtu aliyekabwa koo. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutia ukulima wa kihamba wa Shimbwe Juu katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani. Urithi huo ulitunzwa na watu wenye panga moja na jembe moja, waliojua mti upi wa kukata na upi wa kuacha.

Sasa, ndugu zangu, watu wengi husema "wanyama" kana kwamba wote ni mamoja. Mimi naona majirani zetu wa porini ni wa namna tatu, na kila namna yastahili hukumu yake. Wako wanaotufanyia kazi, wako wadokozi, na wako wavamizi. Tukiwachanganya, tutamwua mtumishi kwa kosa la mwizi.

Nianze na wanaofanya kazi. Uchunguzi mmoja uliofanywa katika mashamba ya kahawa ya Kilimanjaro, ukachapishwa mwaka 2014, ulifanywa kwa njia nyepesi hata mtoto wa shule aweza kuifahamu. Mibuni mingine ilizungushiwa nyavu ili ndege na popo wasiifikie, na mingine ikaachwa wazi kama desturi. Palipozuiliwa ndege na popo, maua yaliyofikia kuwa matunda yalipungua kwa kadiri ya 9 katika mia. Tena, maua yaliyofikiwa na nyuki yalitoa matunda yenye uzito uliozidi kwa kadiri ya 7 katika mia. Nawaona makatibu wanatabasamu, kwa kuwa wao wawajua wanachama walioapa kutoondoka kituoni kwa sababu ya kilo mbili katika mizani. Basi hizi ni kilo zinazoletwa na ndege, popo na nyuki, ambao hawakuomba mkopo wa pembejeo wala hawasubiri malipo ya pili.

Kazi yao ni nini? Ndege mdogo hula funza, mabuu na wadudu wa majani kuanzia kunapopambazuka, na popo mdogo hushika zamu jua linapotua. Huko Costa Rica watafiti walieleza mwaka 2013 kwamba ndege walipunguza mashambulizi ya ruhuka katika kahawa kwa kama nusu, na huko Jamaica pia wameonekana wakifanya kazi hiyohiyo. Ruhuka twamjua sote. Akiisha toboa tunda na kuingia ndani, dawa haimpati kwa urahisi, na kahawa iliyotobolewa hushushwa daraja. Popo wakubwa walao matunda nao wana kazi yao, maana hubeba mbegu za mvule na mikuyu kutoka mti hadi mti. Anayefurahia kivuli cha mvule ambao hakuna mzee anayekumbuka nani aliupanda, huenda aliyeupanda alikuwa popo.

Baada ya hao yuko mwenzetu anayechukiwa bure, naye ni bundi. Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kwamba bundi akilia juu ya paa, yupo mtu atakayekufa. Mimi sitabishana na wazee. Nasema tu kwamba bundi anapolia juu ya paa, aliye katika hatari kubwa ni panya. Nanyi mwamjua panya wa shambani. Mimba yake huchukua wiki tatu hivi, naye huzaa watoto kama kumi kwa mkupuo mmoja, hasa mvua zinapokuwa nzuri na chakula ni tele. Wataalamu wa panya wa nchi yetu wamekadiria kwamba katika miaka ya kawaida panya huchukua kati ya sehemu 5 na 15 katika mia ya mahindi, na katika miaka ya mlipuko hufukua mbegu ardhini hata mkulima akalazimika kupanda tena. Bundi humeza panya usiku hadi usiku. Mkulima anayempiga bundi kwa kombeo amewafukuza walinzi wa ghala lake na kuwakaribisha wezi.

Hapa, Bwana Mwenyekiti, sina budi kusema neno zito juu ya sumu. Ziko sumu za panya ambazo hazimwui panya papo hapo. Huenda siku kadha akitembea amelegea, akashikwa na bundi au kicheche au paka wa nyumbani, na yule aliyemla akapata sumu ileile. Msimu wa pili panya wanarudi, kwa kuwa wao huzaliana kwa wiki. Bundi harudi, kwa kuwa yeye huzaliana kwa miaka. Hapo ndipo mkulima hununua sumu zaidi. Wako pia wanaotia dawa ya wadudu ndani ya mzoga au ndani ya boga ili kumkomoa fisi au tembo. Mtu huyo hajui ni nani atakayekula kwanza. Aweza kuwa mbwa wa jirani, aweza kuwa mtoto wa jirani. Mchuma janga hula na wa kwao, nasi wa kijiji kimoja tu wa kwao.

Namna ya pili ni wadokozi. Hao ni tumbili na kima wanaoshuka kutoka msituni, nguchiro anayechukua kuku, na makundi ya ndege walao nafaka. Hawa hawatufilisi kwa siku moja, lakini wanatuchosha mwaka mzima. Dawa yao ya kale ni kuamia, na kuamia kunataka mtu. Mtu huyo ni nani? Mara nyingi ni mtoto. Baba yuko kwenye kibarua, mama yuko sokoni au anakata majani ya ng'ombe, basi mtoto hupewa kombeo na kuambiwa akae na mahindi. Siku ya kwanza ni Jumamosi, siku ya pili ni Jumatatu, na kufikia mwisho wa mwezi mwalimu amekwisha futa jina lake katika vichwa vya wanaotegemewa kushinda mtihani. Ikiwa tutahesabu hasara ya tumbili kwa mikungu ya ndizi pekee, tutakuwa tumehesabu sehemu iliyo ndogo.

Kwa wadokozi hawa hatuhitaji utaalamu wa mbali. Twahitaji zamu. Mashamba ya chini yamepakana, na mahindi yetu huiva kwa wakati mmoja. Nyumba kumi zikikubaliana, watu wazima wawili wanatosha kulinda kwa siku, na kila nyumba itatoa mtu mara moja katika siku tano. Wazee waliliita jambo la namna hii msaragambo, wakachimba mifereji kwalo, ile ambayo hata leo yateremsha maji kutoka msituni. Mbwa mzuri, zamu inayoheshimiwa, na kutopanda migomba na mahindi ukingoni kabisa mwa msitu, hayo matatu humfanya tumbili aone kwamba mlo wa msituni una gharama ndogo kuliko wa kwetu.

Namna ya tatu ni wavamizi, na mkubwa wao ni tembo.

Sisemi neno hili kwa mchezo. Tembo mzima hula kama kilo 150 kwa siku, lakini anachokula ni kidogo kikilinganishwa na anachokikanyaga. Huja usiku, mara nyingi madume wawili watatu, wakati mahindi yameanza kukomaa na mkulima amekwisha hesabu magunia akilini. Upande wa Rombo huvuka mpaka kutoka Tsavo, ng'ambo ya Kenya. Upande wa magharibi ya mlima hutumia mapito ya Kitendeni, yaunganishayo msitu wa Kilimanjaro na nyika za Amboseli. Mapito hayo yalikuwako kabla ya mashamba yetu, nasi tumeyabana mwaka hata mwaka kwa kuwa nasi twazaliana na ardhi haizai. Kwa hiyo tembo akiingia shambani, yeye haoni shamba. Aona njia ya mama yake imejaa chakula.

Lakini kuyafahamu hayo hakumlishi mtu. Nyumba yenye ekari moja na nusu ya mahindi, ikivamiwa usiku mmoja wa Julai, imepoteza chakula cha mwaka. Kesho yake mwenye nyumba hana la kufanya ila kuuza kahawa yake mbichi kwa mlanguzi kabla ya msimu, kwa bei ya mlanguzi, ili anunue unga. Hapo ndipo jambo hili linapoingia moja kwa moja katika vitabu vya Chama. Makatibu wetu hulalamika kwamba baadhi ya wanachama huuza pembeni. Ni kweli huuza. Nawaomba wafanye uchunguzi mmoja tu: waulize ni wangapi kati ya hao waliouza pembeni walikuwa wamekwisha poteza mahindi yao.

Mwezi Septemba mwaka 1961, huko Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tamko kwamba wanyama wa porini ni amana ambayo taifa hili limekubali kuitunza kwa ajili ya vizazi vijavyo. Nami nalikubali tamko hilo kwa moyo wote. Lakini amana ya taifa zima hutunzwa wapi? Hutunzwa mbugani na askari wenye mishahara, na hutunzwa pia katika mahindi ya mjane asiye na mshahara. Mgeni hulipa ili amwone tembo mchana, na mkulima hulipa kwa kumwona usiku. Kama mzigo ni wa wote, haifai ubebwe na bega la yule aliyejaliwa kupakana na mpaka.

Serikali imeliona jambo hilo. Kanuni za mwaka 2011, zilizotungwa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009, ziliweka malipo ya aina mbili: kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mali, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Majina hayo yalichaguliwa kwa uangalifu. Fidia hurudisha kilichopotea, bali kifuta jasho hufuta jasho. Malipo yenyewe yalipangwa kwa ekari na kwa umbali kutoka mpaka wa hifadhi, tena yasizidi ekari tano. Ekari tano kwetu si kikwazo, kwani wengi hatuna hata tatu. Kikwazo chetu ni ushahidi. Mkulima huripoti kwa mdomo, mtendaji huandika katika kipande cha karatasi, karatasi husafiri, na afisa anapokuja kupima, mahindi yaliyolala yamekwisha liwa na ng'ombe. Haki isiyoandikwa siku ileile hupotea siku ya pili yake.

Je, hakuna njia ya kumzuia tembo asiingie? Zipo, na hazihitaji bunduki. Bila kibali sheria haimruhusu mtu kuwinda, nayo risasi ya mtu mwenye hofu hujeruhi tembo na kumfanya awe adui wa kijiji kizima. Njia mojawapo ni pilipili. Kamba ya katani hupakwa pilipili kali iliyochanganywa na oili chafu, ikazungushwa shambani kwa vigingi, na vitambaa vilivyochovywa humo vikaning'inizwa. Tembo ana pua kubwa kuliko zote, na pua hiyo haipendi pilipili. Mvua ikinyesha sana hupungua nguvu, kwa hiyo lazima ipakwe tena.

Njia nyingine ni nyuki. Mwaka 2002 wataalamu nchini Kenya walieleza kwamba tembo hujiepusha na migunga yenye mizinga ya nyuki, na mwaka 2007 Lucy King na wenzake wakaonyesha kwamba tembo hukimbia hata wakisikia tu sauti ya nyuki waliochokozwa. Nyuki hawezi kuitoboa ngozi ya tembo, lakini huujua utando wa jicho na ndani ya mkonga. Basi huko Sagalla, karibu na Tsavo Mashariki, wakulima wadogo kama sisi walitundika mizinga kuzunguka mashamba yao, mmoja kila baada ya mita kumi, na kuiunganisha kwa waya. Tembo akisukuma waya, mizinga yote hutikisika na wenyewe hutoka kuuliza kuna nini. Taarifa iliyotolewa mwaka 2017 ilisema kwamba kati ya tembo waliokaribia mashamba hayo, wapatao 80 katika mia walizuiliwa.

Napenda hesabu, kwa hiyo natufanye hesabu. Ekari moja ya mraba ina mzunguko wa mita 250 na kidogo. Kwa kila mita kumi nafasi moja, hiyo ni nafasi 25. Sagalla hawakuweka mizinga ya kweli katika nafasi zote. Nusu hivi zilikuwa vibao vya kuigiza mizinga. Kwa hiyo ekari moja yataka mizinga kama kumi na miwili au kumi na mitatu. Mkulima mmoja hawezi kuinunua. Lakini mashamba kumi yaliyopakana hayana haja ya kuzungushiwa kila moja peke yake. Mstari mmoja upande ule tembo anakotokea waweza kuyasaidia yote, na asali yake yauzwa. Sitawaficha kwamba miaka ya ukame nyuki huhama, na mizinga hubaki mitupu wakati ambapo tembo wana njaa zaidi. Ndiyo sababu nasema mizinga pamoja na pilipili, na pilipili pamoja na zamu. Kidole kimoja hakivunji chawa, sembuse kumgeuza tembo.

Sasa nafika kwenye ombi langu, nalo lina sehemu nne. Naliweka mbele ya wajumbe ili lijadiliwe katika mikutano ya vyama vya msingi, kisha lirudi katika Mkutano Mkuu ujao kwa kura.

Kwanza, kila chama cha msingi kiwe na Daftari la Hasara. Karani aliyeandika kahawa aandike pia uharibifu: tarehe, jina la mwanachama, mahali, zao, ekari, mnyama, na mashahidi wawili. Mwenye simu yenye kamera apige picha kabla ya jua kupanda. Daftari la chama chenye mhuri husikilizwa kwa mtendaji na kwa afisa wa wanyamapori, mahali ambapo mdomo wa mtu mmoja hausikilizwi. Tena likijazwa miaka mitatu, litatuonyesha tembo huja mwezi gani na kwa njia gani, nasi tutajua pa kuweka mizinga.

Pili, pembejeo za ulinzi ziingizwe katika orodha ya mikopo kama zinavyoingizwa mbolea na dawa ya chulebuni. Ninamaanisha mizinga, waya, kamba, tochi kali na mabuti. Mwanachama atalipa kwa kahawa yake, na asali ipitie ghala letu, ipimwe kwa mizani yetu. Mlinzi wa zamu asiende gizani na kijinga cha moto na miguu mitupu.

Tatu, Chama kikatae sumu. Duka la Chama lisiuze sumu za panya zinazomfuata bundi, na mwanachama atakayetega sumu kwa wanyama wakubwa aitwe mbele ya kamati yake. Mahali pa sumu natuweke ghala safi lililoinuliwa juu, lenye makopo ya bati katika miguu yake ili panya asipande, na shamba lililofyekwa kandokando.

Nne, kitalu cha Chama kioteshe mringaringa, mvule na miti mingine ya asili pamoja na miche ya kahawa. Kila mwanachama achukuaye miche hamsini ya kahawa apewe miwili ya kivuli bila malipo. Bei ya kahawa ilipoanguka, wengi walikata mibuni, wakakata na miti, wakapanda mahindi hadi mlangoni. Siwalaumu, njaa haina adabu. Lakini miti ilipoondoka, ndege waliondoka nayo, na wadudu walibaki.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Mmoja atasema, "Chama ni cha kahawa, wanyama ni kazi ya Serikali." Nitamjibu kwamba hata barabara ni kazi ya Serikali, lakini lori letu lilipokwama kwenye matope hatukuketi kusubiri, tulisukuma kwanza, kisha tukaandika barua. Mwingine atasema, "Mimi naishi juu, tembo hafiki kihambani kwangu." Ni kweli, ndugu yangu. Lakini yule wa chini akiuza kahawa yake kwa mlanguzi, lori letu hushuka mlimani na nusu ya mzigo, na gharama ya lori twaigawana sote. Wa tatu, naye ndiye ninayemheshimu zaidi, atasema, "Mwenzetu, wewe wasema kwa upole juu ya tembo kwa sababu hajakuvunjia." Huyo namwomba awe wa kwanza kuliandika jina lake katika Daftari la Hasara, na awe katika kamati itakayolisimamia. Mwenye kidonda ndiye ajuaye panapouma, naye ndiye atakayetuzuia tusifanye mambo ya kupendeza macho tu.

Bwana Mwenyekiti, katika miaka kumi Chama hiki kimewafundisha wanachama wake kuulizana maswali mazuri: kahawa yako ina unyevu kiasi gani, daraja gani, umekatwa kiasi gani na kwa nini. Naomba katika mwaka wa kumi na moja tuongeze swali moja katika kila mkutano wa chama cha msingi, liulizwe kabla ya kufungwa kwa mkutano: jana usiku nani alilala shambani, na zamu ya leo ni ya nani?